Makasri ya China katika Televisheni, na Khabari ya Bibi Rong Fei

Televisheni na simu zimeingia katika nyumba zetu, na vilivyomo ndani yake vimeingia pamoja nazo. Miongoni mwa vilivyoingia ni michezo ya Kichina inayosimulia mambo ya wafalme wa kale: makasri yenye paa za manjano, mabibi waliovaa hariri, matowashi wanaopita kimya kimya, na fitna isiyokwisha. Mwaka 2011 mchezo wa Kichina wa Doudou na mama wakwe zake ulitafsiriwa kwa Kiswahili na kuonyeshwa Tanzania. Huo ulikuwa mchezo wa maisha ya siku hizi, walakini ulifungua mlango, na aliyeingia mlango huo hakawii kufika makasrini. Vijana wetu, na khasa mabinti, huifuata michezo hiyo usiku baada ya usiku, na wazazi wengi huketi pamoja nao.

Hatuandiki maneno haya ili kuiharimisha michezo hiyo moja kwa moja, wala hatuandiki kuisifu. Twataka kuuliza swali moja tu: Je, hayo tunayoonyeshwa ndiyo yaliyokuwa? Na ili jibu letu lisiwe la kubahatisha, tutamchukua mtu mmoja, naye ni mwanamke Mwislamu aliyeishi miaka 28 katika kasri la Beijing. Michezo imemtaja zaidi ya mara moja, wala haikumtendea haki.

MICHEZO YENYEWE

Katika michezo ya namna hii, mitatu imepata sifa kubwa. Wa kwanza ni ule wa bibi Zhen Huan, uliotoka mwaka 2011 kwa sehemu 76. Miwili mingine ilitoka mwaka 2018: mmoja ni wa Kasri la Yanxi, wenye sehemu 70, na wa pili ni wa malkia Ruyi, wenye sehemu 87. Ule wa Yanxi ulienea duniani hata ukawa, kwa mwaka huo, mchezo wa televisheni uliotafutwa kuliko yote katika Google.

Yote mitatu yahusu nyumba moja ya kifalme, nayo ni ya ukoo wa Qing, uliotawala China tangu mwaka 1644 hata 1912. Zhen Huan amewekwa katika zama za mfalme Yongzheng, aliyetawala tangu 1722 mpaka 1735. Ile miwili mingine imewekwa katika zama za mwanawe Qianlong, aliyeshika ufalme tangu 1735 mpaka 1796.

Sasa na tutazame jambo la ajabu. Mfalme Qianlong alikuwa na mke wa ukoo wa Nala, aliyekuwa malkia wake wa pili, na alikuwa na mke mwingine wa ukoo wa Wei, aliyemzaa mfalme aliyefuata. Katika mchezo wa Yanxi, bibi wa ukoo wa Wei ndiye shujaa, na malkia wa ukoo wa Nala ndiye mwovu. Katika mchezo wa Ruyi mambo yamepinduliwa: malkia wa ukoo wa Nala ndiye mwema anayedhulumiwa, na bibi wa ukoo wa Wei ndiye nyoka. Watu ni wale wale, mume ni yule yule, na michezo yote miwili ilionyeshwa mwaka mmoja! Mwenye akili hahitaji ushahidi mkubwa kuliko huu kujua kwamba watungaji walichukua majina ya wafu, wakayavika tabia walizotaka wao.

KASRI LENYEWE

Hatusemi kwamba yote ni uongo. Kasri lile lipo Beijing hata leo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1406 na kumalizika mwaka 1420, na tangu mwaka 1925 limekuwa nyumba ya makumbusho. Vyeo vya wake wa mfalme vinavyoonekana katika michezo ni vya kweli: malkia mmoja juu ya wote, kisha vyeo saba chini yake, na kila cheo kilikuwa na kipimo chake cha vitambaa, nyama, makaa na watumishi. Ni kweli pia kwamba kila miaka mitatu mabinti wa majeshi ya Mabendera Manane walipelekwa kasrini ili wachaguliwe, na ambaye hakupelekwa kwanza hakuruhusiwa kuolewa kwingine.

Matowashi nao walikuwapo. Katika michezo kazi yao kubwa ni kuchukua umbeya na sumu, lakini tusisahau kuwa mmoja wa matowashi wa nyumba ya kifalme, katika zama za Ming zilizotangulia Qing, ni Zheng He, aliyezaliwa katika nyumba ya Waislamu wa Yunnan, na babake akijulikana kwa jina la Haji. Yeye ndiye aliyeziongoza merikebu za China katika bahari yetu hii baina ya mwaka 1405 na 1433. Katika zama za safari hizo, mwaka 1415, twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle. Basi makasri yale hayako mbali nasi kama tudhaniavyo, na Waislamu hawakuwa wageni ndani yake.

BIBI RONG FEI

Tuje sasa kwa yule bibi tuliyeahidi kumtaja. Alizaliwa mwaka 1734 katika nchi ya Waislamu wa Uighur, magharibi ya mbali, kwenye miji ya Kashgar na Yarkand, ambayo leo imo katika jimbo la Xinjiang. Ukoo wake ulikuwa wa masheikh walioitwa Khoja. Jina hilo huko lilikuwa la heshima ya dini, wala lisichanganywe na Makhoja wenye asili ya Kihindi tunaoishi nao katika miji yetu. Mwaka 1758 na 1759 majeshi ya Qianlong yalipigana na ndugu wawili wa Khoja waliokuwa wakitawala nchi hiyo. Jamaa za bibi huyu walikuwa upande mwingine. Ami yake na kaka yake waliyasaidia majeshi ya Qing. Vita vilipokwisha waliitwa Beijing, wakapewa vyeo na makazi, na mwaka 1760 bibi huyu akaingia kasrini.

Mwaka 1762 alipandishwa cheo, na mwaka 1768 akapewa cheo cha fei, ambacho ni cha nne kuhesabu kutoka kwa malkia, akajulikana kwa jina la Rong Fei. Hakujaaliwa mtoto. Mwaka 1765 alikuwa katika msafara wa mfalme kwenda nchi za kusini. Katika msafara huo huo malkia wa ukoo wa Nala alikosana na mfalme, akarudishwa Beijing, na mwaka uliofuata akafa na kuzikwa bila ya heshima za malkia. Nyaraka za jikoni za msafara ule zimehifadhiwa, nazo zaonyesha kwamba Rong Fei alipelekewa nyama ya kondoo na vyakula vingine visivyokuwa na nguruwe. Kasrini alikuwa na mpishi Mwislamu. Na ng'ambo ya ukuta wa bustani za mfalme, watu wa nchi yake waliohamia Beijing walijengewa msikiti katika miaka ya 1760, na Qianlong mwenyewe akatunga maneno ya jiwe lililowekwa hapo.

Hatusemi kwamba maisha yake yalikuwa raha tupu. Binti aingiaye katika nyumba ya mfalme aliyeishinda nchi yake hawi huru kama binti aposwaye kwa babake. Lakini katika neno moja ushahidi uko wazi: dini yake haikufutwa, na waliomzunguka waliijua na kuiangalia.

Je, hadithi inasemaje? Hadithi inamwita Xiang Fei, maana yake Bibi Mwenye Harufu Nzuri. Inasema mwili wake ulinukia pasipo manukato, akatekwa vitani, akamkataa mfalme na kuficha kisu katika nguo zake, mpaka mamake mfalme akaingiwa na khofu akaamuru anyongwe. Hadithi hii ilipata nguvu khasa baada ya mwaka 1914, ilipotundikwa katika maonyesho ya kasri picha ya mwanamke aliyevaa deraya, watu wakaambiwa ndiye yeye.

Tuipime kwa hesabu ndogo anayoiweza hata mtoto wa darasa la pili. Mamake mfalme Qianlong, ambaye ndiye aliyegeuzwa Zhen Huan katika mchezo wa mwaka 2011, alifariki mwaka 1777. Rong Fei alifariki mwaka 1788. Mtu aliyekwisha kuwa kaburini miaka 11 amnyonge vipi aliye hai?

KABURI LILISEMA

Rong Fei alizikwa katika makaburi ya kifalme ya Zunhua, mashariki ya Beijing. Mwaka 1979 kaburi lake lilifunguliwa na wataalamu. Wezi walikuwa wamelitangulia zamani na kuchukua mali, lakini walibakisha visivyowafaa. Palikutwa mifupa yake na msokoto wa nywele zilizoingia mvi, na nywele hizo zatosha kumkanusha anayesema kuwa alinyongwa angali kijana. Tena palikutwa mbao za jeneza, na juu yake maandishi ya Kiarabu kwa rangi ya dhahabu. Yalikuwa maneno ya Qurani.

Tulifikiri jambo hili. Mwanamke huyu alikaa miaka 28 katikati ya watu wasiokuwa wa dini yake, katika nyumba yenye miungu na mahekalu mengi, na siku ya kuzikwa kwake wakayaandika juu ya jeneza maneno ya Kitabu alichokiamini. Hii ndiyo khabari kubwa ya maisha yake. Na hii ndiyo iliyoachwa na watungaji.

Katika mchezo mmoja mashuhuri, ambao sehemu yake ya pili ilionyeshwa mwaka 1999, yeye ni binti wa kunukia anayefuatwa na vipepeo, kisha anatoroka na mpenzi wake. Katika mchezo wa Ruyi amepewa jina la Han Xiangjian, kabila lake likapewa jina la kubuni, na Uislamu ukaondoka kabisa. Kwingine dini imegeuzwa mavazi na manukato, na kwingine haipo. Mtoto wetu akiutazama mchezo huo kwa sehemu 87, atamwona bibi huyu akilia na kucheza ngoma, wala hatajua kamwe kwamba alikuwa dada yake katika imani.

FITNA SI AKILI

Lipo jambo la pili. Michezo hii, kwa uzuri wake wote wa nguo na majumba, imejengwa juu ya hasadi. Mke mwema ndani yake ni yule anayeanza mpole, akadhulumiwa, kisha akajifunza hila kuwapita waliomdhulumu. Na akishinda, mtazamaji hufurahi. Hata huko China kwenyewe lawama zilitokea. Januari 2019 gazeti moja la Beijing liliilaumu michezo ya makasri kwa kuwafanya watu watamani anasa za wafalme na kuziona fitna za kasrini kuwa ni busara, na baada ya hapo baadhi ya vituo vya televisheni viliiondoa.

Sisi tuna sababu zetu za kuhadhari. Katika jamii yetu wamo wake wenza, wamo mawifi, na wamo mama wakwe wanaokaa nyumba moja na wake za wana wao. Binti anayeona kila usiku kwamba mke mwenzi ni adui, na kwamba anayesema kweli hushindwa, aweza kuolewa akiwa na vita moyoni kabla hajachokozwa. Dini yetu imeiita hasadi maradhi, na ikalifananisha kusengenya na kula nyama ya maiti, haikuviita ujanja.

YANAYOTUPASA

Basi twafanyeje? Kuvunja televisheni hakufai, kwani mtoto atautazama mchezo huo huo katika simu ya jirani. Twaona inafaa mambo matatu.

La kwanza, wazazi watazame pamoja na watoto wao, wala wasiwaachie chumba. Neno moja la mama, lisemwalo kwa upole wakati fitna inapangwa, lina faida kuliko makaripio ya siku ya pili.

La pili, mchezo ukitaja mfalme au malkia kwa jina, kijana atakiwe aitafute miaka yake: alizaliwa lini, alikufa lini, nani walikuwa hai pamoja naye. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyoiangusha hadithi ya Xiang Fei. Kijana aliyezoea kuuliza hivyo kwa mambo ya China atauliza hivyo pia kwa yanayosemwa juu ya Waislamu, na juu ya historia ya pwani yetu.

La tatu, tuwasimulie wenyewe. Mtungaji wa mchezo ameikuta nafasi tupu akaijaza. Wangapi katika watoto wetu wanamjua Zheng He? Wangapi wamesikia jina la Rong Fei? Jioni moja ya mazungumzo baada ya sala ya Isha yatosha kuanza, na kisa cha jeneza lenye maandishi ya dhahabu ni kitamu, tena ni cha kweli.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu bibi yule aliyelala katika makaburi ya Zunhua, na awape watoto wetu macho ya kutambua lililotungwa na lililokuwa. Amin.