Tabibu wa Chakula Aitwaye Mwisho

Katika miji ya Tanzania neno lishe limezoeleka kwa mambo mawili: mama lishe ni yule mwanamke wa bidii apikaye wali na maharage kando ya barabara, na unga wa lishe ni ule mchanganyiko wa nafaka, karanga na soya uuzwao dukani kwa uji wa watoto. Baina ya hayo mawili amepotea mtu wa tatu, afisa lishe, aliyekaa chuo kikuu miaka mitatu akijifunza namna mwili unavyokipokea chakula na unavyodhoofika kwa kukikosa. Naye, kwa wagonjwa wengi na hata kwa baadhi ya watumishi wenziwe, hana tofauti bayana na mpishi au muuza unga.

Laiti kazi yake ingekuwa nyepesi, kosa hilo lingesameheka. Mtazame mtoto aletwaye hospitali kwa unyafuzi, miguu imevimba, nywele zimefifia rangi, hamu ya kula imemtoka. Kila amwonaye moyo humtuma amshibishe upesi, na kumbe shibe ya ghafla yaweza kumwua, kwani mwili uliokwisha kuzoea njaa umepunguza nguvu za moyo, ini na figo, na chakula kingi kikiingia kwa mara moja huyavuta madini ya damu yakakimbilia ndani ya seli, moyo ukashindwa. Kwa hiyo huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kidogo kidogo kwa kipimo cha uzito wake, kila baada ya saa chache, usiku na mchana, mpaka uvimbe uanze kunywea na hamu imrudie. Hapo ndipo ahamishiwapo F-100, yenye nguvu na protini zaidi. Kujua siku ya kumhamisha ni utabibu kamili.

Ilhali mwenye ilimu hiyo aghalabu huitwa mwisho, baada ya dawa kubadilishwa mara mbili tatu na kidonda kukataa kupona. Daktari apitapo asubuhi hufuatana na muuguzi, wala si ada kila mahali afisa lishe awepo. Na lau akiwepo, neno lake ni shauri, si amri. Tena dawa ikiandikwa kuna famasia ya kuitoa, lakini chakula kikiandikwa, katika hospitali nyingi zetu hakuna jiko la kukipika, kwa sababu mgonjwa hulishwa na jamaa zake. Mgonjwa wa figo amekwisha kuelezwa asubuhi kwamba ndizi zina potasiamu nyingi ambayo figo zake haziwezi kuitoa. Adhuhuri dada yake anawasili na hotipoti ya ndizi za nazi, zimepikwa kwa mahaba, wala hakuna aliyemwambia.

Nje ya hospitali taabu yabadilika sura. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kuanzia mwaka 1983 vijiji vya Iringa vilipima watoto wao na kujadiliana hadharani sababu za kudhoofika kwao, hata fikra zilizotoka huko zikachangia nadharia ya utapiamlo iliyotangazwa na UNICEF mwaka 1990. Na bado utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na katika Iringa hiyo hiyo, ghala ya mahindi, zaidi ya nusu. Mahindi tele si lishe. Lakini mtoto aliyedumaa halii kwa maumivu, hana homa, wala wazazi wake hawamwoni mgonjwa, na kwa sababu hiyo afisa lishe wa halmashauri husimama mbele ya kikao cha bajeti akiombea fedha maradhi yasiyoonekana. Serikali iliagiza itengwe shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa umri huo kwa mwaka, fungu linalotegemea mapato ya halmashauri yenyewe, nayo mapato yakipungua ni rahisi mno fungu hilo kukatwa kabla ya barabara na madarasa. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma kwa watoto.

Jina la mtaalamu nalo lahitaji kulindwa. Kenya ilipitisha mwaka 2007 sheria ya kuwasajili wataalamu wa lishe, na ilifanya vyema, maana pasipo usajili mwuza vidonge na majani ya kupunguza tumbo naye hujiita mtaalamu, na mgonjwa wa kisukari humsadiki.

Basi, msomaji, ukiuguliwa na mtu wako akalazwa, muulize muuguzi kwa adabu: afisa lishe wa hapa ni nani, na atamwona mgonjwa wetu lini? Uliza kabla hujarudi nyumbani kupika.