Lisansi, Mastere na Uzamili: Maneno Yanayomkabili Mwanafunzi wa Fizi na Baraka Atakapo Kusoma Teknolojia ya Habari

1. Utangulizi

Kijana wa Fizi au Baraka anayekusudia kusoma shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari hana budi kupita katika lugha nne. Nyumbani aghalabu husema Kibembe. Sokoni na bandarini husema Kiswahili. Katika sekondari na chuoni hufundishwa kwa Kifaransa. Akishika barabara ya kaskazini kwenda Uvira na Bukavu, Kifaransa kitaendelea kumfaa. Lakini akivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha akaelekea Dodoma au Dar es Salaam, atakuta mihadhara na vitabu vya fani hiyo kwa Kiingereza.

Wengi hudhani kwamba kikwazo chake kikubwa katika safari hiyo ya pili ni Kiingereza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kipo kikwazo kingine ambacho huonekana mapema zaidi, nacho ni majina ya shahada. Majina hayo hufanana pande zote mbili za ziwa, ilhali maana zake hutofautiana. Jambo hili ni la wanaisimu kama lilivyo la wasajili wa vyuo, kwa kuwa neno lisiloeleweka vema laweza kumgharimu mtu miaka miwili ya masomo.

2. Jina moja, shahada mbili

Kwa muda mrefu elimu ya juu ya Kongo, katika masomo mengi, iligawanywa katika vipindi viwili. Miaka mitatu ya kwanza iliishia kwenye gradua, na miwili iliyofuata iliishia kwenye lisansi. Kwa hiyo mwenye lisansi alikuwa amesoma chuoni miaka mitano. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka msingi wa mfumo mwingine, uitwao LMD, yaani Lisansi, Mastere na Daktari. Mfumo huo ulienezwa katika vyuo vya nchi kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Humo lisansi ni ya miaka mitatu, yenye krediti 180, na mastere ni ya miaka miwili, yenye krediti 120.

Kutokana na mabadiliko hayo, neno "lisansi" sasa lina maana mbili zinazoishi pamoja katika mji mmoja, na pengine katika nyumba moja. Kaka ana lisansi ya miaka mitano. Mdogo wake ana lisansi ya miaka mitatu. Wote wawili wakiandika neno hilo peke yake katika barua ya maombi, msajili aliyezoea mfumo mpya atawaona kuwa sawa, na miaka miwili ya kaka itapotea bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kinyume chake pia ni hatari: mwenye gradua ya zamani asijiite mwenye lisansi kwa sababu tu hesabu ya miaka mitatu imelingana. Mwandishi wa makala haya anayo lisansi ya mfumo wa zamani, na amelazimika zaidi ya mara moja kuihesabia miaka yake mbele ya watu waliodhani kwamba wamekwisha kuielewa.

3. Ndugu wa uongo

Wanaisimu huyaita "marafiki wa uongo" yale maneno yanayofanana umbo katika lugha mbili na kutofautiana maana. Hapa tunakabiliwa na jambo gumu zaidi, kwani maneno haya ni ya lugha moja; ni ndugu, wala si marafiki tu.

Tuchukue neno "diploma". Kijana wa Baraka asemapo, "Nina diploma," kwa kawaida humaanisha diploma ya Serikali, yaani hati apewayo aliyefaulu mtihani wa mwisho wa sekondari. Mwenzake wa Kigoma asikiapo neno hilohilo huelewa stashahada, ambayo husomwa chuoni baada ya sekondari. Mazungumzo yanaweza kuendelea kwa muda mrefu, kwa Kiswahili kizuri, pasipo mmoja kutambua kwamba mwenzake anasema habari nyingine.

Matokeo nayo yana tatizo lake. Katika mfumo wa zamani wa vyuo vya Kongo, mwenye asilimia 70 alipewa "distinction", na mwenye asilimia 80 alipewa "grande distinction". Aliyepata 68 alibaki na "satisfaction". Neno hili likifasiriwa kuwa "ya kuridhisha", msomaji wa Dar es Salaam hudhani kwamba mwanafunzi alipita kwa shida. Vyuo vya Afrika Mashariki vinavyotumia Kiingereza hupanga matokeo kwa madaraja: la kwanza, la pili la juu, la pili la chini, na pasi. Tafsiri ya neno kwa neno humshusha mwanafunzi daraja ambalo alama zake hazikumshusha.

4. Enformatiki na teknolojia ya habari

Jina la fani yenyewe halina budi kuchunguzwa. Neno la Kifaransa ambalo kwetu hutamkwa "enformatiki" ni pana mno. Vyuo vinavyofuata desturi ya Kiingereza hugawa uwanja huo katika fani kadhaa. Sayansi ya kompyuta huelekea hisabati, algorithimu na muundo wa lugha za programu. Teknolojia ya habari hushughulika zaidi na kuchagua, kuunganisha, kulinda na kutunza mitandao na hifadhidata ndani ya taasisi. Mifumo ya habari husimama kati ya kompyuta na uongozi wa shughuli.

Mwanafunzi aliyesoma enformatiki ya uongozi, ambayo hufundishwa katika vyuo vingi vya Kongo, amesoma uhasibu na uendeshaji pamoja na programu na hifadhidata. Akiomba uzamili wa sayansi ya kompyuta kwa sababu jina hilo lamvutia, huenda akakataliwa kwa upungufu wa hisabati, na akarudi akidhani kwamba shahada yake haina thamani. Pengine mlango wake ulikuwa teknolojia ya habari au mifumo ya habari. Kwa hiyo na alinganishe orodha ya masomo aliyosoma na orodha ya masomo ya chuo anachokiomba, asilinganishe majina ya shahada pekee.

5. Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo hayo, tunapendekeza kanuni nne. Kwanza, jina la shahada liachwe katika lugha yake ya asili, na kando yake yaandikwe miaka ya masomo, mfumo, na krediti kama zipo. Pili, neno la matokeo lisifasiriwe peke yake. Liandamane na asilimia na kipimo kamili cha chuo. Tatu, tafsiri ya hati ifanywe na mfasiri anayekubaliwa na chuo kinachopokea. Nne, ulinganisho wa shahada uombwe mapema katika chombo kinachohusika; nchini Tanzania chombo hicho ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

6. Hitimisho

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya hiyo. Hata hivyo, matangazo hayasomi hati. Hati husomwa na watu, kwa maneno wanayoyajua. Idara za Kiswahili zinaweza kutoa mchango mdogo wenye manufaa makubwa: kuandaa orodha fupi ya maneno ya shahada, yenye maana ya kila neno huku na ng'ambo. Ukurasa mmoja watosha. Kijana anayeshuka bandarini Baraka akiwa na bahasha ya vyeti angeuhitaji ukurasa huo kabla ya kuhitaji kamusi yoyote ya kompyuta.