Gasketi au silikoni? Kwanza muulize mteja gari linatoka saa ngapi

Ndugu zangu tunaouza spea mtandaoni, leo nawaletea kisa kilichonitoa sh 350,000 mfukoni kwa bidhaa ambayo faida yake haifiki hata sh 4,000.

Kaka mmoja alinitafuta WhatsApp usiku. Yuko Ifakara, ana Defender 110 ya zamani, zile zenye ekseli ya Salisbury nyuma, na difu inavuja kwenye kava. "Dada, gasketi yake unayo?" Sikuwa nayo. Duka ninalochukulia mzigo kule Gerezani lilishafungwa, na basi linaondoka alfajiri. Nyumbani nilikuwa na silikoni tu. Nikamwandikia: "Gasketi imeisha kaka, chukua silikoni, ndiyo nzuri zaidi, inakauka dakika 10 tu." Akalipa palepale. Nikalala nimefurahi.

Mzigo ulifika, fundi akapaka, akafunga kava, akamwaga oili, na usiku huohuo gari likapakia mpunga. Njiani difu ikaanza kulia. Wakasimama, wakachungulia chini: oili imeisha yote, beringi hazifai tena. Kesho yake nikatumiwa picha ya meseji yangu mwenyewe, maneno "dakika 10 tu" yamezungushiwa duara jekundu.

Ningesema nini? Niliandika mimi. Tukakubaliana nilipe beringi na kazi ya fundi. Bahati yangu krauni ilipona, maana hiyo ingenifungia biashara.

Zile dakika 10 kwenye kasha sikuzielewa. Silikoni ya gari inakauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo inaanzia nje kwenda ndani. Ndani ya dakika 10 mpaka 15 inaweka ngozi juu, ukiigusa haishiki kidole, lakini katikati bado ni uji. Nyingi zinahitaji kama saa 24 ndiyo zikomae. Ukimwaga oili mapema, halafu difu ikapata moto na mzigo, uji ule unasukumwa nje. Sasa mtu anayepakia mpunga usiku anazitoa wapi saa 24?

Gasketi haina mambo hayo. Unasafisha, unaweka, unakaza bolti, unajaza oili, unaondoka. Mwenye daladala, bodaboda ya miguu mitatu, gari la mzigo, yeyote ambaye gari likilala nyumbani hakuna hela, huyo mpe gasketi. Ukiikosa mwambie asubiri, au mwelekeze kwa mwenzako. Fundi mzuri anaweza hata kuichonga kwenye karatasi ya gasketi kwa kugongagonga nyundo kwenye kingo za kava.

Ila gasketi nayo inataka kava lililonyooka. Makava mengi ya bati yameshachokonolewa na bisibisi mara kumi, au bolti zimekazwa kwa hasira mpaka matundu yamebonyea. Hapo gasketi itavuja hata ukiinunua kwa bei gani. Silikoni ndiyo inayojaza mabonde hayo, na kwa kava lililochoka mimi naipendekeza bila wasiwasi, mradi gari lilale. Mwambie mteja asafishe chuma pande zote mbili mpaka pasibaki hata tone la oili, apake mstari mmoja wa kama milimita 3 usiokatika, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Asirundike, maana inayozidi inabanwa na kumwagikia ndani ya difu.

Kuna wanaotaka vyote viwili, eti kwa usalama. Nilikuwa nawauzia, mauzo si mauzo? Siku hizi nakataa. Gasketi ya karatasi ukiipaka silikoni inateleza, ukikaza bolti inachomoka pembeni. Kimoja kinatosha.

Na si kila silikoni. Ile ya madirisha na sinki, yenye harufu kali ya siki, usimpe mtu wa gari hata akikuomba kwa sababu ni rahisi. Haivumilii oili na siki yake inakula chuma. Soma tyubu, iwe imeandikwa kwamba inahimili oili. Angalia na tarehe ya mwisho, maana tyubu iliyokaa stoo yenye joto inaweza kukugomea mkononi mwa mteja.

Lingine linalorudisha mizigo: mteja wa Hiace anaomba gasketi ya kava la nyuma. Hiace na Hilux nyingi hazina kava la kufungua nyuma, pale pamechomelewa. Difu yake inachomolewa kwa mbele, na gasketi yake ni ya hapo. Omba picha kabla hujafunga mzigo. Ukiwa na picha, hesabu bolti. Salisbury ya yule kaka ina 10.

Mwulize pia kama fundi ameangalia kipumulio cha ekseli. Kikiziba tope, difu ikipata moto hewa inakosa pa kutokea na inasukuma oili. Hapo utauza gasketi, utauza silikoni, na vyote vitarudi kwako na matusi juu.

Meseji yangu ya kwanza kwa mteja wa difu sasa ni hii, ichukueni kama inawafaa: "Habari kaka, naomba picha ya kava, na je, gari linatakiwa kutoka lini?" Bei inakuja baadaye. Wapo wanaokasirika, wanaenda kwa mwingine. Sawa tu.

Yule kaka wa Ifakara mwezi uliopita ameniagiza gasketi mbili, moja ya akiba. Hela alituma mzigo ulipofika mkononi mwake.