Kumlilia Mbwa Si Upuuzi

Lugha yetu tukufu haijamtendea mbwa uungwana. Atakaye kumtusi mwenzake humwita mbwa. Mwanadamu akifa twasema amefariki, ameaga dunia. Mbwa hufa tu, na kiwiliwili chake hakiitwi maiti bali mzoga. Ajabu ni kwamba sarufi ina huruma kuliko ndimi zetu, kwani katika upatanisho wa ngeli mwalimu na mbwa huketi benchi moja: mwalimu wangu amekuja, mbwa wangu amekuja.

Sisemi haya kwa mzaha. Wako watoto katika shule zetu wanaoingia darasani asubuhi na huzuni wasiyoweza kuitaja, kwa sababu mbwa wa nyumbani amekufa usiku. Pengine amegongwa na matatu, pengine amekula sumu aliyotegewa fisi. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa kwa nini hasikilizi somo, naye akajibu kweli, darasa zima litaangua kicheko, na yamkini mwalimu naye atacheka. "Ni mbwa tu," ataambiwa.

Watatokea wa kudai kwamba kumwomboleza mbwa ni mambo ya Wazungu, watu wenye kuwalaza mbwa vitandani. Wasemao hivyo hawajalitupia macho bara lao wenyewe. Mnamo Oktoba 1935, katika makaburi yaliyo karibu na piramidi za Giza nchini Misri, mwanaakiolojia Mmarekani George Reisner na wenzake walifukua jiwe lenye maandishi ya kale, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Jiwe lile lasimulia habari za mbwa aliyekuwa mlinzi wa mfalme, jina lake Abuwtiyuw. Alipokufa, mfalme aliamuru azikwe kwa heshima: apewe jeneza kutoka hazina ya ufalme, kitani safi kwa wingi, ubani na marhamu, na waashi wamjengee kaburi lake mwenyewe. Jina la mfalme halimo katika jiwe lile. La mbwa limo. Karne nyingi baadaye, Mgiriki Herodoto aliandika kwamba katika nyumba za Wamisri paka akifa watu walinyoa nyusi, lakini akifa mbwa walinyoa kichwa na mwili mzima.

Hata katika pwani yetu, ambako mate ya mbwa ni najisi kwa Waislamu na wengi hawapendi kumkaribia, kila aliyepita chuoni anajua kwamba katika Sura ya Al-Kahf mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa na kuhesabiwa pamoja nao.

Lakini kisa kinachowafaa walimu zaidi ni cha Hachiko, kwa kuwa bwana wake alikuwa mwalimu. Hidesaburo Ueno alifundisha masomo ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, Japani, na mbwa huyo alizoea kumlaki jioni katika stesheni ya Shibuya. Tarehe 21 Mei 1925 profesa alifariki ghafla akiwa kazini. Mbwa aliendelea kwenda stesheni kumngoja kwa karibu miaka 10, mpaka alipokufa tarehe 8 Machi 1935. Wasimuliaji wengi huishia hapo, wakapangusa machozi. Mimi hunivutia zaidi waliyotenda watu. Miaka ya mwanzo walimfukuza na kumpiga, wakimwona kero ya abiria. Mwaka 1932 habari zake zilitoka katika gazeti la Asahi, na ghafla kila mtu akawa rafiki yake. Kufikia Aprili 1934 alikwisha kuchongewa sanamu ya shaba, naye mwenyewe akahudhuria sherehe ya kuizindua. Vita vilipokolea, shaba ile ikayeyushwa. Sanamu nyingine ikasimamishwa mwaka 1948. Ile niipendayo mimi ni ya mwaka 2015, iliyowekwa chuoni alikofundisha profesa: mbwa amerukia kifua cha bwana wake, mwalimu amerudi kazini.

Kwetu kijijini hapakuwa na shaba wala kitani. Mbwa alikula makombo ya ugali, akalala chini ya ghala, na aghalabu aliitwa Simba hata awe mwembamba kama ufito. Wetu alitusindikiza shuleni hadi mtoni, akarudi peke yake. Alipokufa, baba alichukua jembe bila kusema neno, akachimba nyuma ya migomba, nasi watoto tukasimama kando. Hakuna aliyetufukuza, na hakuna aliyetuambia tunyamaze. Bakuli lake lilikaa palepale mlangoni juma zima kabla mama hajaliondoa.

Basi, mwalimu, mtoto akikuletea insha ya mbwa aliyekufa, isome kama unavyosoma nyingine. Muulize jina la mbwa. Muulize alikufaje, nawe usikilize jibu kwa makini, kwa sababu huenda akakwambia kwamba mbwa yule mpole alibadilika ghafla, akawa mkali, akatokwa na mate mengi, akashindwa kumeza. Na kwamba kabla ya kufa alimuuma mkononi, lakini hakumwambia mtu kwa kuogopa mbwa atauawa. Hicho yawezekana ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikisha kumtokea mtu, ni nadra mno kupona. Lakini kabla hazijatokea, kinga ipo. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akachanjwe, hata kama jeraha ni dogo au siku zimepita. Mtoto aliyechekwa darasani hataitoa habari hiyo. Ataificha mkono ukiwa katika mkono wa sweta, na mwalimu wake ataendelea na somo.