Waya za Meno (3): Skrubu Ikigusa Mzizi

Wiki iliyopita tuliishia kwenye ile skrubu ndogo ya aloi ya titani ambayo daktari huikaza katika mfupa wa taya iwe nguzo ya kuvutia meno. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 1.2 na 2. Nafasi iliyopo baina ya mizizi ya magego mawili mara nyingi ni milimita 3 hivi, na pengine haifiki. Si ajabu basi kwamba wagonjwa huuliza, hata kabla ya kukaa kitini: ikigonga mzizi, si ndiyo jino limekufa?

Mara nyingi halifi, mradi skrubu isiachwe pale pale.

Mzizi umevikwa ganda jembamba na gumu liitwalo sementamu. Kati ya ganda hilo na mfupa zimo nyuzi zinazolishikilia jino, na upenyo zinamokaa ni kama sehemu ya tano ya milimita. Nyuzi hizo zinahisi maumivu upesi mno. Ndiyo maana daktari mzoefu hutia ganzi kidogo tu, ya kutuliza fizi na utando wa juu ya mfupa. Mgonjwa akishtuka kwa maumivu ya jino, daktari anajua amefika pabaya, anasimama. Kwa hiyo anayedai sindano ya pili ili asisikie chochote anajinyima mlinzi wake. Dalili nyingine huja mkononi mwa daktari: bisibisi iliyokuwa ikizunguka vizuri inakuwa nzito ghafla.

Skrubu ikitolewa, seli za kusafisha hula kwanza kingo zilizochubuka, kisha seli za sementamu huweka ganda jipya na nyuzi hujishikiza upya. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2008 ulitumia magego madogo ya watu ambao walikuwa wang'olewe meno hayo kwa vyovyote, ili kupata nafasi ya kupanga mengine. Magego yalisukumwa makusudi hadi mizizi ikagusa skrubu, kisha skrubu au nguvu ya kusukuma ikaondolewa. Katika wiki chache tu, sehemu zilizoliwa zilikuwa zimekaribia kupona kabisa.

Jeraha likivuka sementamu na kuingia kwenye dentini iliyo chini yake, uponaji hucheleweshwa, na mara nyingine mfupa hugandamana na mzizi. Hapo ndipo penye kejeli, maana jino lililogandamana na mfupa halisogezwi tena na waya yoyote. Baya zaidi ni skrubu kufika kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu. Jino huenda likahitaji matibabu ya mzizi, au likapotea.

Kuiacha skrubu ikiegemea mzizi hakufai pia kwa skrubu yenyewe. Jino husogea kidogo kila tunapotafuna, linaigonga, nayo hulegea hadi ikachomoka.

Msomaji asitishike, lakini, na picha ya kawaida ya eksirei inayoonyesha skrubu juu ya mzizi. Picha hiyo ni bapa: skrubu iliyo mbele ya mzizi na iliyouchoma huweza kuonekana sawasawa. Daktari hupiga nyingine kwa kubadili pembe, au hutumia eksirei ya pande tatu pale shaka inapobaki.

Wiki ijayo: fizi zinazovimba kuzunguka skrubu, na mswaki wa kuzisafishia.