Hesabu ya Mandari: Fedha Haziishii Kwenye Mpira

Tuanze na daftari. Jumamosi watu 14 wanakwenda mandari: watu wazima 5 na watoto 9. Ni kama kaya tatu zilizoungana, kwa kuwa sensa ya 2022 ilipata wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini Tanzania, na huku Tarime, mkoani Mara, watu wanne chini ya mti hawaitwi mandari, wanaitwa wasubiri gari. Wanatoka mjini kwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi ya kijijini kwao, ambako wameshaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Bei nitakazoweka ni za mfano tu. Futa zangu uandike za kwako, mpango wa hesabu hautabadilika sana.

Hiace ya kukodi kwenda na kurudi, 60,000. Nyama kilo 4 kwa 10,000, ni 40,000. Soda 14 kwa 700, ni 9,800. Unga, mboga na mkaa, 15,000. Mpaka hapo ni 124,800 na hakuna aliyekimbia hata hatua moja.

Sasa michezo. Kamba nene ya katani ya mita 20, tuseme 1,500 kwa mita, ni 30,000. Mpira wa dukani, 20,000. Magunia matano ya sandarusi kwa 1,000, ni 5,000. Jumla 55,000, na hapo ndipo baba wengi hukunja uso na kusema watoto watacheza na walichonacho. Lakini hesabu hiyo imekosewa. Soda ikinywewa imekwisha, kamba inarudi nyumbani. Ikitumika mara 20 kabla ya kuchakaa, kila safari inabeba 1,500. Mpira ukidumu mara 40, ni 500. Magunia yakivumilia mara 10, ni 500 nyingine. Michezo yote ya siku hiyo imegharimu 2,500, yaani shilingi 179 kwa kila mtu, robo ya soda aliyoinywa. Katika jumla ya 127,300, michezo imechukua takribani shilingi 2 katika kila 100.

Kwa hiyo anayesema michezo ni gharama aonyeshwe risiti ya bucha.

Kinachoadimika ni zamu. Fedha ukizikosa utajua siku hiyohiyo, ila zamu zikikosekana hugundui mpaka uone watoto sita wamekaa kwenye nyasi wakichezea simu ya shangazi. Basi nikakaa na saa, nikaanza kuhesabu kitu kimoja tu: katika nusu saa ya mchezo, mtoto mmoja anatembeza mwili wake kweli kwa dakika ngapi?

Chukua mbio za magunia, mchezo ambao kila mtu huutaja kwanza. Njia ya mita 20, magunia mawili, watoto tisa. Kuruka kutoka mwanzo hadi mwisho ni kama sekunde 25. Ukiongeza kuvua gunia, kumvisha mwingine, na kugombana nani alianza kabla ya filimbi, kila mbio moja inakula dakika moja na nusu. Nusu saa inatoa mbio 20, sawa na zamu 40. Wagawie watoto tisa: kila mmoja anapata zamu nne, na nne zinabaki za kugombewa. Zamu nne kwa sekunde 25 ni sekunde 100. Katika dakika 30, mtoto ameruka dakika 1 na sekunde 40, dakika 28 na ushee amesimama foleni. Ongeza magunia yafike matano na anapata zamu 11, dakika nne na nusu hivi. Ni afadhali, lakini bado ni foleni. Paka na panya ni hivyohivyo: kati ya watu 14, 12 wanashikana mikono kwenye duara, wanaokimbia ni wawili.

Mbio za kijiko na yai ni balaa zaidi kwa mfuko, maana yai likianguka ni mboga iliyopotea. Weka ndimu. Hakuna sheria inayosema lazima liwe yai.

Rede iko upande mwingine kabisa, nami nakiri naipendelea. Kwa aliyekulia mahali pasipokuwa na rede, kama pako: warushaji wawili wanasimama wakitazamana, kama hatua 12 kati yao, na wengine wote wako katikati. Katikati kuna chupa tupu. Walio kati wanatakiwa kuijaza mchanga huku wakikwepa mpira, na anayepigwa anatoka. Mtazame binti wa miaka kumi anapoijaza. Amechuchumaa nusu, kiganja kimoja kimekinga mdomo wa chupa, kingine kinateka mchanga, lakini macho hayako kwenye chupa hata kidogo, yako kwenye bega la mrushaji. Bega likirudi nyuma, ameshainuka. Mpira unapita pale kilipokuwa kichwa chake, unadakwa upande wa pili, naye anageuka kabla vumbi halijatua. Jaribu mwenyewe kwa dakika tatu uone magoti yatakavyokujibu.

Hesabu yake ni hii. Saba wako kati, wawili wanarusha. Duru ikichukua dakika sita na watu wakatolewa mmoja baada ya mwingine kwa mwendo ulio sawa, aliye kati anakuwa mchezoni kwa wastani wa dakika tatu na kidogo. Kwa duru tano ndani ya nusu saa, ni dakika zaidi ya 15 kwa kila mtoto, na warushaji hawapumziki kabisa. Ni mara tisa ya magunia mawili. Na gharama? Chupa ya maji iliyokwisha kunywewa na mpira wa soksi.

Kombolela nayo inamsogeza kila mtu, ila kwa kipande kipande. Kopo linabutuliwa mbali, mtafutaji anakimbia kulirudisha, wenzake wanatawanyika. Aliyekamatwa anasubiri mwenzake achomoke mafichoni alipige teke kopo na kumkomboa, na jina la mchezo limetoka hapohapo. Sehemu kubwa ya muda ni kujibanza kimya, halafu mlipuko wa mbio za mita 30. Kwa dakika za mwili inashindwa na rede, kwa mapigo ya moyo sina hakika kama inashindwa na chochote.

Lakini kombolela ina masharti ya mahali. Wilayani Serengeti, kwenye vijiji vilivyo jirani na Hifadhi ya Serengeti kama Robanda, tembo hutoka na kuingia mashambani, na vichaka si mali ya watoto peke yao. Huko mchezo wa kujificha uchezwe ndani ya uwanja ulio wazi, maficho yawe miti inayoonekana na kuta za madarasa, na uishe jua likiwa bado juu. Ukingo wa Mto Mara nao, kwa sababu ya mamba na viboko, usihesabiwe kama uwanja wa mchezo wowote. Na kabla ya kutandika mkeka popote pale, watu wazima wawili wapite eneo lote kwa miguu wakitafuta vigae vya chupa, mbigiri na njia za siafu. Dakika kumi zinatosha.

Wapo watakaosema: kwa nini tusiende hifadhini kabisa, si tuko mlangoni? Twende, ila tujue tunanunua nini. Kwa viwango vya TANAPA nilivyovizoea, Mwafrika Mashariki mtu mzima huingia Serengeti kwa shilingi 10,000 na mtoto wa miaka 5 hadi 15 kwa 2,000, kabla ya VAT ya asilimia 18. Ulizia tena langoni. Kwa watu wetu 14, tukichukulia watoto wote wametimiza miaka mitano, ni 50,000 na 18,000, jumla 68,000. VAT inaongeza 12,240, inafika 80,240. Ada ya gari haimo. Ni fedha halali kwa kumwona simba na mtoto wako, na ni chini ya Hiace, soda na nyama zikijumlishwa pamoja. Ila ndani ya kilomita za mraba 14,763 za hifadhi hiyo hushuki kwenye gari ila mahali palipoidhinishwa, na hata hapo hakuna anayecheza rede. Dakika za kukimbia ni sifuri. Hifadhi ni ya macho, uwanja wa kijiji ni wa miguu. Usivinunue vyote viwili siku moja, utawachosha watoto na mkoba.

Turudi uwanjani tupime nafasi. Uwanja wa mpira wa vipimo vya FIFA ni mita 105 kwa 68, yaani mita za mraba 7,140. Watu 22 wakigawana, kila mmoja ana mita za mraba 324. Watoto wa miaka minane wakitupwa kwenye ukubwa huo, mpira wanauona kwa mbali kama mwezi. Pimeni hatua 30 kwa 20 (hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu mita), mpate mita za mraba 600. Timu mbili za watu saba, kila mmoja ana kama mita za mraba 43, na hakuna wa kujificha, hata mjomba. Kwa eneo, uwanja mmoja wa vipimo vya FIFA ni sawa na viwanja vya chandimu vya namna hiyo 11 na ushee. Timu zigawanywe kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili, siyo kwa koo wala kwa upande wa mume na upande wa mke. Mliooa mnanielewa.

Kuvuta kamba ndiko kunakostahili ile 30,000. Ni mchezo ambao watu wote 14 wanafanya kazi kwa wakati mmoja, bibi akiwemo akipenda, kila timu ikiwa na mchanganyiko. Kwenye mashindano ya kimataifa timu ni watu wanane, na kamba haipungui mita 33.5. Nyumbani weka mita moja kwa kila mvutaji, mita nne katikati, jumla 18, basi mita 20 zinatosha. Tatizo la Tarime ni kwamba kila nyumba ina kamba ya ng'ombe, na daima yupo mwenye wazo la kuunga mbili. Kamba ya ng'ombe ni nyembamba, inachana viganja, na fundo likifyatuka watu saba wanaanguka chali kwa mpigo. Nimeliona likitokea, na aliyeumia zaidi alikuwa ndiye mwenye wazo. Ununue nene, angalau ya unene wa kidole gumba cha mtu mzima, na mtu yeyote asiizungushe mkononi wala kiunoni.

Na ivutwe kabla ya chakula. Mtu aliyekwisha kula nyama ya kichuri na bonge la ugali wa udaga hafai hata kuwa mwamuzi.

Saa nayo ina hesabu yake. Tarime iko karibu nyuzi 34.4 mashariki, na saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa nyuzi 45, kwa hiyo jua la utosi huku linafika kama saa 6:42, sio saa 6 kamili. Dar es Salaam linatangulia kwa takribani dakika 20. Maana yake joto la mchana linachelewa kuondoka, lakini jioni nayo inachelewa kuingia: jua linazama karibu saa 12:45. Mpango unaokubaliana na hali hiyo ni kamba asubuhi saa 5 kabla ya chakula, kula na kulala kivulini, kisha dakika 90 za mbio kuanzia saa 9:30 hadi saa 11. Maji ni lita moja kwa kila mtu, yaani 14. Dumu la lita 20 linatosha na ya kunawia yanabaki.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kutoa jasho kila siku. Mtoto wa kijijini anayechota maji, kuchunga na kwenda shule kwa miguu, hizo anazimaliza kabla ya saa 4, usimhubirie. Mwenye upungufu ni wa mjini Tarime, Mugumu au Sirari, anayepelekwa shule kwa bajaji na kurudi kwenye televisheni. Kwa huyo, dakika 90 za magunia mawili zinampa dakika tano. Dakika 90 za rede zinampa zaidi ya 45.

Ukiwa na 30,000 nunua kamba, na ikilowa ianike kabla ya kuikunja, maana katani huoza ikihifadhiwa na unyevu. Ukiwa huna kitu, kusanya soksi zilizopoteza wenzao. Sita zikiviringishwa na kufungwa kwa uzi zinatoa mpira mmoja wa rede.