Sanamu za Mapacha katika Somo la Sanaa

Mafunzo ya sanaa za jadi aghalabu huanza na umbo: ukubwa wa kichwa, urefu wa shingo, mapambo ya nywele. Katika makala hii tunashauri yaanze na matumizi. Mfano wetu ni ere ibeji, yaani sanamu za mapacha za Wayoruba wa Nijeria.

Kwa mwanafunzi wa Tarime au Serengeti, Nijeria ni mbali, lakini mapacha si wageni. Hatua ya kwanza, basi, ni majina. Wajaluo wa Mkoa wa Mara humwita pacha wa kwanza Opiyo au Apiyo, na wa pili Odongo au Adongo. Wasukuma wana Kulwa na Doto. Wayoruba wana Taiwo na Kehinde. Ila kwao Kehinde, azaliwaye wa pili, ndiye mkubwa, kwani husemwa kwamba alimtuma mwenziwe atangulie kuuonja ulimwengu.

Hatua ya pili ni kueleza desturi yenyewe. Wayoruba ni miongoni mwa watu wanaozaa mapacha wengi zaidi duniani, na kwa imani yao ya jadi mapacha hushiriki roho moja. Mmoja alipofariki, wazazi walimwendea mwaguzi wa Ifa, kisha mchongaji akachonga sanamu ndogo ya mti, yenye umbo la mtu mzima ingawa marehemu alikuwa mtoto. Mama aliiosha, akaipaka unga mwekundu wa mti, akaivika shanga na kuilisha, ili aliyebaki naye asivutwe kaburini. Kufikia miaka ya 1970 baadhi ya familia zilikwisha kutumia wanasesere wa plastiki au picha badala yake.

Hatua ya tatu ni swali. Mwalimu aonyeshe picha ya sanamu ambayo pua na macho yake yamefutika, aulize sababu. Wengine watataja mchwa, wengine mchongaji asiye hodari. Jibu ni mkono wa mama, ulioosha uso ule miaka mingi.

Mwalimu anayeanza kwa kuiita sanamu hiyo ushirikina huufunga mjadala kabla haujaanza. Tena akumbuke kwamba darasani mwake huenda yumo Doto asiye na Kulwa. Huyo asilazimishwe kusema, aachwe asikilize.